Alto namba tisa

Majirani zangu wa mtaa wa Kinama wananiita mama wa makaratasi, na wakiniita hivyo hucheka. Wacheke. Chumbani nina maboksi ishirini na mawili ya viatu, na ndani yake hamna kiatu hata kimoja. Mna nyimbo za kwaya zilizopigwa kwa stensili, wino wake sasa umekuwa rangi ya chai. Mna mashairi ya harusi yaliyochapwa kwenye karatasi moja moja ili wageni waondoke nayo, na kasida za maulidi nilizopewa na familia moja ya wenye maduka, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sijui kuzisoma, ila kuzitunza najua. Kila karatasi ina fishi yake, kikadi kidogo ninachoandika mstari wa kwanza, mahali nilipoipata, na nani aliishika kabla yangu. Mtu anayechana karatasi ovyo simwamini hata na sufuria.

Muuza karanga mmoja wa soko la Jabe nimemzoesha asifungie wateja karanga kabla sijapekua bunda lake la makaratasi. Asubuhi moja ya kiangazi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya meza yake, nikitupa huku na huku madaftari ya shule, nikakutana na wimbo wa kuaga wa kwaya ya parokia yetu. Niliwahi kuimba alto, sauti ya chini ya wanawake, katika kwaya hiyo. Nilifurahi kama mtoto, kwa sababu wimbo huo sikuwa nao. Kisha nikaona pembeni, kwa wino mwekundu, A9.

Katika kwaya yetu kila mwimbaji alikuwa na herufi ya sauti yake na namba yake, na namba hiyo hakupewa mtu mwingine hata mwenyewe akifa. Siku ya maziko, karatasi yake ya wimbo wa kuaga ilikunjwa mara nne, ikawekwa chini ya mikono yake ndani ya jeneza, na katibu akaipiga mstari namba ile katika daftari. Padri hakupenda tuliseme, lakini tuliamini kwamba aliyezikwa bila karatasi yake hapewi nafasi katika kwaya ya huko aendako. Tisa ilikuwa namba ya dada yangu. Karatasi yake niliiweka jenezani kwa mkono wangu mwenyewe.

"Mama, iyi ulipata wapi?" nikamwuliza muuza karanga.

"Mi sijui. Ilikuya mu gunia na zingine. Balisafisha chumba moja ya kanisa." Akanitazama. "Mbona unaikamata ivyo? We uko mugonjwa?"

"Apana. Nipe tu."

Njiani nilikuwa na wazo moja tu: kaburi limefukuliwa. Nilipofika nyumbani sikuthubutu kuiingiza karatasi ile chumbani pamoja na zingine. Niliiweka jikoni, nikaifunika kwa bakuli, nikaanza kuchambua maharage. Haikuchukua muda nikaliondoa bakuli.

Ilikuwa na alama za penseli. Waimbaji huweka kijistari pale wanapotaka kuvuta pumzi, na dada alikuwa na kifua kibovu miezi yake ya mwisho, akiongeza vijistari kila baada ya mazoezi. Katika ubeti wa kwanza vilikaa mwishoni mwa mistari, panapostahili. Ubeti wa pili vilikuja baada ya maneno mawili mawili. Wa tatu vilikata maneno katikati. Ubeti wa nne ulikuwa mweupe, hakuufikia. Nilizifuata alama zile kwa kidole, na mle jikoni nikasikia mtu akivuta pumzi fupi fupi, akisita, akivuta tena. Niligeuka. Hapakuwa na mtu, nilikuwa mimi.

Kesho yake nilikwenda Kajaga, kando ya ziwa, anakoishi siku hizi katibu wetu wa zamani, kwa binti yake. Ni mzee mkali, hana muda wa machozi ya watu. Alikuwa barazani, ziwa linametameta nyuma yake hadi macho yanauma. Nilimwekea karatasi mapajani nikamweleza hofu yangu.

"Kaburi ya dada yako nilipita kuiona juma iliyopita," akasema. "Hakuna mutu aliifungua. Majani imeota juu yote." Akaigeuza karatasi. "Siku ile ulikuwa na karatasi ngapi mu mukono?"

"Mbili. Yake na yangu."

"Uliangalia namba?"

Niliinama kuitazama tena ile A9 ya wino mwekundu.

"Basi kumi iko wapi?"

Kumi nilikuwa mimi. Nakiri wazi kwamba niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Siku ile ya maziko, mimi niliyeweza kumaliza ubeti mzima kwa pumzi mbili, niliimba nikikatika kila baada ya neno. Watu walisema ni kilio. Nami nikaamini ni kilio, nikairudisha karatasi katika mfuko wa kwaya bila kuitazama, nikaacha kuimba moja kwa moja, kwa kuwa nilidhani msiba umeninyang'anya kifua. Kumbe macho yangu yaliyojaa machozi yalikuwa yakifuata vijistari vya dada. Nilikuwa nimemkunjia yangu, nikaimba na yake.

Mzee aliingia ndani akarudi na daftari la kwaya na miwani. Tisa ilikuwa imepigwa mstari. Kumi ilikuwa nzima. Akafungua kalamu.

"Sasa nifute nani?" akauliza, kwa sauti ile ile ambayo angeniuliza kama nanywa chai.

"Dada amesimama nje ya kwaya ya kule miaka yote hii, muzee?"

"Mi sijui mambo ya kule. Mi najua daftari." Kisha akalegea kidogo. "Tunaweza kuenda kuifukia iyi pembeni ya musalaba. Atakuwa na yake."

"Na yangu?"

"Yako itabaki chini palepale. Kaburi haifunguliwi sababu ya karatasi."

Niliitazama ile karatasi. Nilimwona dada kitandani, mito mitatu mgongoni, mdomo wazi, akitafuta hewa iliyojaa chumba kizima isiyotaka kumwingia. Kisha nikakumbuka karatasi yangu iliyoko chini ya mikono yake ikoje. Ina vijistari viwili kwa kila ubeti, basi. Ndani yake mna hewa tele.

"Futa kumi," nikamwambia.

"We ni muzima!"

"Futa kumi, muzee. Tisa irudishe."

Alinung'unika, akaniita kichaa, akaapa kwamba hajawahi kufuta mtu anayemwangalia. Lakini alifuta. Nilimtazama akinipiga mstari, taratibu, kwa rula.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwenye kwaya. Karatasi ile haimo katika maboksi yangu wala haina fishi, iko mkononi mwangu kila tunapozika mtu. Napumua pale alipopumua. Wenzangu wa benchi wamesogea mbali nami kidogo, na mwalimu wa kwaya ameshaniambia mara mbili kwamba nakata maneno katikati, mbona zamani nilikuwa na pumzi ndefu. Nilimjibu kwamba pumzi zangu ndefu anazo dada, na sitaki anirudishie.