Misumari ya Paa Langu

Teke la kwanza lilimpata mzee kifuani akiwa amechuchumaa, koleo mkononi, anang'oa msumari kwenye tairi langu. La pili lilimwangusha juu ya beseni la maji ya kupimia pancha. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, nimekalia ndoo, nakunywa soda.

Wanaonifahamu hawaamini kwamba nilifika huko Biharamulo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema kuku wetu wanaijua Mabawe, kijiji chetu, kuliko mimi. Lakini dada yangu aliyeolewa Bisibo alikuwa anabatiza mtoto, akanichagua niwe msimamizi, na safari ya pikipiki kutoka Ngara hadi huko si ya kuanza bila maandalizi. Nikanunua dawa ya pancha, ule uji wa kijani unaosukumwa kwenye mpira wa ndani kupitia valvu, mpira ukitoboka unaziba tundu wenyewe.

"Weka hii, kaka," muuzaji aliniambia. "Pancha utaisikia kwa majirani."

Nikaweka. Kisha, kwa mwezi mzima, niliifanyia pikipiki majaribio ya safari ndefu. Nilikuwa nazunguka uani kwangu.

Nilipotoka porini upande wa Biharamulo, gurudumu la nyuma likaanza kutema kijani. Nilisukuma hadi kijiwe cha bodaboda, alipokuwa fundi pancha mmoja, rika la baba yangu. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, baba. Lete tumfanyie upasuaji."

Alitoa msumari wa kwanza, akautupa kwenye kopo. Akatoa wa pili. Akacheka. "Dawa yako nzuri. Imekuficha ugonjwa mpaka yenyewe imechoka."

Sikujua kwamba asubuhi ile vijana wawili wa kijiweni walikuwa wamepata pancha karibu na pale, na maneno yalikuwa yameshaanza kwamba mzee anapanda misumari barabarani ili apate kazi. Alipoushika wa tatu, mmoja wao alikuwa amesimama nyuma yake, anachungulia.

"Mitatu! Gurudumu moja, mitatu! Mnaona?"

Ndipo teke.

Walimpiga kwa vyuma vyake mwenyewe, vile vya kufungulia tairi. Nilisikia vidole vikivunjika. Ni sauti ndogo, kama kijiti kikavu. Sikio lilichanika, damu ikaingia kwenye beseni. Alikuwa anasema, "Wanangu, wanangu," na kila aliposema walimpiga mdomoni. Kisha mmoja akatungua tairi bovu lililoning'inia kama kibao cha banda, akamvisha shingoni. Mwingine akachomoa mpira wa mafuta wa pikipiki yake, akakinga chupa.

Msumari wa tatu ulikuwa umebingirika hadi kwenye kiatu changu. Ulikuwa umesokotwa, na shingoni una kipande cha mpira mweusi. Msumari wa bati. Mwezi ule ule niliezeka jiko upya. Mafundi waliondoka, misumari ikabaki uani, na mimi nikasema nitafagia kesho.

Nilijua hapo hapo. Ningependa kuandika kwamba niliruka. Petroli ilikuwa imefika nusu chupa nilipofungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni bila kusoma.

"Ni yangu!"

"Nini yako?"

"Misumari. Nimetoka nayo nyumbani."

Walicheka, na mimi karibu nicheke nao. Nikaokota ule msumari, nikawaonyesha ulivyosokotwa, ulivyo na kutu, kichwa kilivyolika kwa lami. Nikawaeleza kuhusu jiko na jinsi uji ulivyoziba mwezi mzima nisijue kitu. Mkubwa wao aliufuta kwenye suruali, akaugeuza juani, akamwangalia mzee chini. Kisha akanigeukia mimi.

"Ulikuwa unasubiri aive?"

Ngumi yake ilinitoa jino. Wengine nao walikuwa na hasira zilizobaki, wakazimalizia mbavuni kwangu. "Nenda kafagie kwako, mtu wa Ngara!" Baada ya hapo abiria walikuja, wakawasha pikipiki zao, wakaondoka, kama watu waliotoka kunywa chai.

Mzee alijivua tairi shingoni kwa mkono mmoja. Hakuwepo mwingine wa kuziba mpira ule, kwa hiyo niliuziba mimi, yeye akitema damu na maelekezo.

"Piga msasa. Unapapasa nini? Piga!"

Nikambeba kwa pikipiki hadi zahanati, akiniegemea mgongoni, shati langu likilowa. Muuguzi aliviangalia vile vidole, akaliangalia sikio.

"Nani kakufanya hivi, mzee?"

 Kesho yake mzee angefungua banda kwenye kijiwe kile kile, mbele ya vijana wale wale.

"Nimeanguka na pikipiki."

"Dereva nani?"

Akaninyooshea kidole kilichobaki kizima.

"Huyu."

Muuguzi alinitukana vizuri sana. Niliitikia kila neno.