Udi kwenye Chujio la Bi Salma

Mchana ule haujanitoka, mwanangu, na kichwa hiki kimeshasahau hata majina ya wajukuu. Nilikuwa kijana, dereva wa wataalamu waliokodi ghala kule Rusayl, nje kidogo ya Muscat, wakatoboa paa warushe leza mbinguni. Jua la siku ile, wallahi, lingekaanga yai kuku hajalitaga.

Mkubwa wao Bi Salma, mtoto wa kwetu, wazee wake wa Unguja. Kazi yake alinielezea kama anasimulia harusi.

"Seif, leza inapanda juu kuliko ndege, inagusa vumbi la vimondo, inarudi chembe tu ya mwanga. Usiku naiona. Mchana jua linaimeza."

Ndo akapata chujio, kioo kadiri ya kisahani cha kahawa. Kinafukuza rangi zote za jua, kinapitisha ile moja tu ya leza yake. Kakihangaikia miaka. Mchana ule ndo wa kukijaribu, na hakuna mwengine, kesho yake anasafiri na mitambo inafungwa.

Na mie nna neno langu (bibi yenu asisikie). Nataka nimwombe ruhusa niwatume wazee kwao kuposa. Mdomo huu unaosema mpaka paka wanahama nyumba, mbele yake ulishonwa. Basi nikaona udi unisemee. Kwetu mgeni anafukizwa, nguo zinafukizwa, chujio lina kosa gani? Walipokwenda kusali adhuhuri nikawasha chetezo, nikalifukiza mpaka nahisi Muscat nzima ilinukia.

Bi Salma karudi, kanusa, kakimbilia kioo. Kimeshika utando wa mafuta.

"Nani kafanya hivi?"

"Mie, Bi Salma. Nilitaka kipendeze."

"Kimpendeze nani, Seif? Jua?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Walifungua, wakapangusa, wakafunga, wakafungua tena. Walipomaliza, jua lishazama. Akakaa juu ya sanduku, akanambia taratibu: "Ungeniuliza tu. Nilikuwa hatua kumi kutoka hapo."

Asubuhi nikampeleka uwanja wa ndege. Gari moja, njia nzima, na bado sikusema. Sijamwona tena. Nasikia siku hizi wenziwe nchi nyengine wanalipima vumbi lile mchana kweupe kwa machujio kama lile. Hufurahi, kisha roho ikanivuta, nikasimama hapa mjini, mtaa wa Wattaya, katikati ya maduka ya magari, naangalia juu kama juha.

Basi mwanangu, usimfanyie mtu wema wa kubahatisha. Muulize anataka nini. Na neno la moyoni lisemee kwa mdomo wako, mtu angali karibu. Akikataa utalia wiki. Ukinyamaza utazeeka kama mie, hujui hata ungejibiwa nini. Mungu akufungue ulimi, akupe na sikio la kumsikiliza unayempenda, na asikuonjeshe hamu isiyokwisha. Amin.