Pindo la Pazia la Bi Mkubwa

Hester Pridmore alikuwa fundi wa kushona, mjane asiyependa porojo. Mwaka 1958, jumba la Harrowthwaite kule Yorkshire lilipokuwa likitengenezwa ili watu waje kulitazama, aliitwa kushona upya mapazia ya kitanda cha bi mkubwa, aliyekufa zamani bila kuacha mrithi.

Alifanyia kazi chumbani mle mle. Kuta zilikuwa za mbao nyeusi, kitanda kikubwa kama kibanda, na kwenye kona palikuwa na mlango uliofichwa ukutani, watumishi wapite bila kuonekana.

Asubuhi ya tatu alikuta pindo aliloliacha wazi jana limeshonwa kiasi cha shibiri moja. Mishono ilikuwa safi kuliko yake, ila imelalia upande mwingine, kama ya mtu wa mkono wa kushoto.

Akamwendea Bi Garbutt, mtunza nyumba. "Nani kaingia kule juu?"

"Aingie nani, na ufunguo ninao kiunoni? Umeshona mwenyewe ukasahau. Uzee huo, shoga yangu."

"Uzee unao wewe! Mimi nimeshona kwa kushoto lini?"

Bi Garbutt akaliweka chini birika la chai.

"Dorcas," alisema taratibu. "Nilipoanza utumishi hapa, yeye ndiye alikuwa akishona. Bi mkubwa alikuwa akimfunga ule mkono wake wa kushoto kwenye kiti kwa utepe, eti ashone kama watu. Homa ikamchukua, mapazia hajayamaliza."

Hester hakuamini. Akaufumua mshono wote. Kesho yake akaukuta umerudi, mrefu maradufu, uzi umevutwa kwa nguvu hata kitambaa kimekunjamana.

Akakiambia chumba kitupu, "Haya, shona, mwanangu. Hapa hakuna wa kukufunga." Akatunga uzi kwenye sindano, akaichomeka kwenye pindo, akaenda kwake.

Siku tisa walishona hivyo, yeye mchana, mwenzake usiku akishaondoka. Msimamizi wa matengenezo alipokuja na kuona mishono inayopingana, akamwamuru aifumue.

"Yangu nitaifumua ukitaka. Ile mingine si yangu."

"Ya nani, basi?"

"Ya aliyeianza kazi."

Mapazia yakatundikwa vile vile. Hester alipovuta la mwisho alilihisi zito. Upande wa pili mtu alikuwa akilinyoosha pindo polepole, kama fundi aliyeridhika na kazi yake. Hakuchungulia. Aliteremka ngazi akaenda zake, na ingawa walimwita tena mara mbili, hakukanyaga jumba lile.