Kimya cha Bibi Jikoni

Magome ya miwati yakiungua, moshi wake mchachu hunirudisha jikoni kwa bibi, Njombe, enzi za Mwingereza. Kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, bibi alikaa kimya mbele ya moto. "Hapa ndipo ninapoyasikia niliyosema jana," aliniambia.

Siku moja mwalimu wetu wa misheni alipita, akamsalimu. Bibi aliinamisha kichwa tu. Niliona aibu. "Hajui Kiswahili, mwalimu," nikasema. Mwalimu akacheka, akaenda zake.

Bibi alimaliza kimya chake, kisha akanigeukia. Akasema taratibu, kwa Kiswahili kilekile alichonifundisha kabla sijaanza shule, "Kesho ukae nami, mjukuu wangu, uyasikie uliyosema leo."

Kesho yake nilikwenda shule bila kupita jikoni.