Yai la Ndege

Mwongeli ndiye mpiga kengele wa kanisa letu pale Ndegeini, chini kidogo ya mtaa wa Mountain View. Ukimpita njiani hutamwangalia mara mbili. Ni mama mfupi, kitambaa cha bluu kichwani, kiondo begani, raba miguuni. Wiki nzima anauza sukuma wiki na nyanya nje ya geti yake. Siku za ibada anafunika meza na gunia, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anazima simu, kisha anaenda kugonga. Hawezi kugonga na mikono ya udongo. Anasema ile ni sauti ya kuita watu kwa Mungu, si ya kuita ng'ombe nyumbani.

Jina Ndegeini lilitoka kwa wazee. Wakati Wazungu walipopigana na Waitaliano, mashamba ya hapa yalisawazishwa kwa majembe na ng'ombe wa kukokota, ukatengenezwa uwanja wa ndege za vita. Ndege zilijazwa mafuta hapa, zikaenda kaskazini, nyingine hazikurudi. Vita ilipoisha askari wakaondoka, nyasi ikamea, ng'ombe wakala nyasi. Baadaye ploti zikakatwa. Kilichobaki leo ni barabara moja iliyonyooka kuliko zote za mtaa, na sakafu kubwa ya saruji ambayo kanisa letu limesimama juu yake. Tunapita hapo kila siku na mikebe ya maziwa na watoto wa shule, na hakuna anayefikiria ni nini kilipita kabla yetu.

Muema, bwana yake Mwongeli, alikuwa fundi wa mawe. Walikuja kutoka Masii wakiwa vijana, Kikikuyu hawakijui, akapewa kazi ya kujenga chumba cha mchungaji nyuma ya kanisa. Akichimba msingi, sururu yake ikagonga chuma. Akakitoa. Kilikuwa kirefu kama mkono wa mtu, tumbo nene, mdomo umechongoka, na mkiani kina vibati kama mapezi ya samaki. Mzee Kibe alikuwa anapita na ng'ombe wake. Akasimama mbali, akamwambia Muema, "Wacha hiyo. Hiyo ni yai ya ndege."

Hapo ndipo kosa liliingia. Kwetu sisi Wakikuyu, ndege ni ile ya injini peke yake. Yule wa mtini anaitwa nyoni. Mzee Kibe alifikiri kwa Kikikuyu, akasema kwa Kiswahili. Muema naye alisikia Kiswahili, na kwa Kiswahili hata njiwa ni ndege. Akacheka sana, akamuuliza mzee ni mbuni wa wapi huyo anayetaga chuma. Mzee Kibe alipoona kijana anacheka, alidhani ameelewa na haogopi. Akatingisha kichwa, akafuata ng'ombe wake. Mzee hakuishi hata aione ikitundikwa, na sasa wote wawili wamelala, Mungu awapumzishe.

Kanisa halikuwa na kengele. Muema akafunga mnyororo kwenye vile vibati vya mkia, akakitundika kwenye boriti nje ya mlango, mdomo ukiangalia chini. Tukakiita Yai. Vijana walikuwa wakisema, "Mama Ngui ametaga, twendeni kanisani," na Mwongeli anacheka pamoja nao, kwa maana mtoto wake wa kwanza ni Ngui na jina hilo la mama analipenda. Sauti ya Yai haikuwa kama ya kengele nyingine. Ilikuwa nzito, haivumi, kama mtu amefungiwa ndani na anagonga mlango kwa ngumi. Tulisema ni kwa sababu ya uzee wa chuma.

Muema alikufa kwa kifua, lile vumbi la mawe. Baada ya mazishi, wazee wa kanisa walimuuliza Mwongeli kama angependa mtu mwingine achukue kazi ya kengele. Alikataa. Aliniambia mimi baadaye, tukiosha vikombe, kwamba akigonga ni kama Muema anamwitikia. Nyundo ni ile ile ya Muema, na hata mahali pa kugonga ni Muema alimfundisha.

Basi Alhamisi moja ya baridi, mwaka huu, kulikuwa na ushirika wa akina mama. Nilitangulia kwa Yvonne, nyumba yake iko nyuma ya kanisa, kumwombea nyanya yake. Nyanya huyo, Cucu Shiru, alizaliwa hapa hapa, lakini aliolewa Nyandarua na kuzeekea huko. Yvonne alikuwa amemleta juzi tu kwa ajili ya hospitali. Nilikuwa nampa uji. Kengele ya kwanza ikalia, ile ya kuambia watu wajitayarishe. Kikombe kikamtoka Cucu mkononi. Alivuta blanketi akajifunika kichwa chote, na nikasikia anauliza chini ya blanketi, "Nũũ ũraringa itumbĩ rĩa ndege?"

Yaani, nani huyo anapiga yai la ndege.

Nikamjibu ni Mwongeli, Cucu, ni kengele yetu tu, usiogope. Halafu maneno yale yakanirudia masikioni kwa Kikikuyu, jinsi alivyoyasema. Hakusema la nyoni. Nikamfunua uso polepole, nikamuuliza anajuaje sauti hiyo. Akaniambia kwamba alipokuwa msichana, vita ikiwa imeisha, kaka yake Maina aliokota moja kama hiyo pembeni mwa uwanja. Alitaka chuma cha kufulia jembe. Aliiweka juu ya jiwe akaigonga mara nyingi na haikufanya kitu. Akaendelea kugonga. Akasema, "Mama yetu alimzika Maina ndani ya kikapu cha viazi."

Kengele ya pili ilikuwa bado. Hiyo ndiyo ya wachelewaji, na Mwongeli huipiga kwa nguvu zake zote, kwa muda mrefu. Nilipiga simu yake huku najua imezimwa. Nikamwambia Yvonne amvute Cucu mbali na dirisha, nami nikatoka. Mimi ni mtu wa miaka ya hamsini na magoti yangu yananisumbua, lakini nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye matope. Nilitaka kuomba na sala yote ikakataa kutoka, ni "Bwana, Bwana" tu.

Nilipopinda kona ya kanisa nilimwona mgongo wake. Nyundo iko mkononi, anavuta mikono ya sweta juu. Akina mama walikuwa wanaingia getini wakisalimiana. Nilifungua mdomo kupiga kelele nikaufunga tena. Niliogopa nikimshtua atagonga vibaya. Nikatembea zile hatua za mwisho kama mtu anayemwendea kuku, nikamshika mkono.

"Mama Shiku," akasema, "umekimbizwa na mbwa? Hata kiatu umemwachia?"

"Weka nyundo chini. Polepole. Hapo kwa nyasi."

"Wamama wanangoja."

"Mwongeli, hii si yai ya ndege wa mti. Ni ya ndege ya vita. Ni bomu."

Alinitazama akaanza kucheka, halafu cheko likakatika. Akaangalia lile tumbo la chuma, mahali ambapo rangi ilikuwa imeisha kwa nyundo yake.

"Ni Muema aliitundika," akasema. "Muema hangenipa bomu."

"Muema hakujua. Aliambiwa kwa Kiswahili."

Akainama, akaiweka nyundo kwenye nyasi kama anayelaza mtoto. Upepo wa Julai ulikuwa unavuma na Yai lilikuwa linayumba kidogo kwenye mnyororo. Tulirudi nyuma tumeshikana, tukiliangalia liyumbe, na hakuna aliyethubutu kulituliza. Tuliwasukuma akina mama nje ya geti bila kuwaeleza, tukawaambia tu tokeni, tokeni.

Polisi walikuja, wakaita wanajeshi. Nyumba zote za karibu zikaondolewa watu, Cucu Shiru akabebwa na blanketi lake. Tulikaa ng'ambo ya barabara ya Waiyaki Way. Wanajeshi walilibeba Yai ndani ya mchanga mpaka machimbo ya zamani ya mawe. Kabla hawajaondoka, afisa mmoja alikuwa amekuja kumuuliza Mwongeli alikuwa akiligonga wapi. Akamwambia ni tumboni, Muema alimwambia sauti iko tumboni, mdomo usiguswe. Yule afisa akamwambia amshukuru Mungu kwa huyo bwana, akaenda zake.

Mlipuko ulitoka mbali na bado ulitikisa mabati ya vibanda. Ndege wa mtini wakaruka wote kwa pamoja. Mwongeli alikuwa ameshika mkono wangu, na kucha zake ziliacha alama ambayo ilikaa wiki nzima. Hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, ni watoto wangapi walipita chini ya kile kitu kwenda kubatizwa.

Baada ya hapo woga ukaingia nyumbani kwake ukakaa. Sufuria ikianguka kwa jirani, anachuchumaa. Akikata sukuma alikuwa anaacha katikati, mpaka wateja wakawa wanajikatia. Vijana walijaribu utani wa Yai mara moja, wakaona uso wake, wakaacha. Jumapili zikapita bila kengele. Watu walichelewa.

Mwisho wazee walileta rimu ya lori, kile chuma cha gurudumu, wakaitundika kwenye boriti ile ile. Mwongeli alikuja, amenawa mpaka viwiko, akaiangalia na hakuinua nyundo.

"Imetoka wapi?" akauliza.

Walimwambia ni rimu tu, Mama Ngui, imenunuliwa Kangemi kwa Odero makanika. Akasema hata ile ilikuwa yai tu. Akaomba iteremshwe. Tukaipeleka Kangemi kwa mkokoteni, yeye na mimi, siku ya kazi, kila mtu akitucheka njiani. Odero alituonyesha lori lenyewe, limewekwa juu ya mawe, bila magurudumu. Mwongeli akamwomba airudishe rimu mahali pake. Odero alidhani anataniwa, lakini aliponiangalia nikatikisa kichwa kwamba si utani, akainua rimu akaipachika. Ikaingia. Tundu zote zikakutana na boliti zake.

Mwongeli akaigusa kwa vidole, akavizungusha ukingoni pole pole mpaka alipoanzia.

"Sawa," akasema. "Hii najua mama yake."

Jumapili iliyofuata, rimu ikiwa imetundikwa tena, tulikuwa ndani tumekaa tukisikiliza. Rimu ililia mara moja, sauti nyembamba ya kuvuma. Nusu ya kanisa waliinamisha vichwa, mimi nikiwa mmoja wao. Kisha kimya, kirefu, na kupitia mlango niliona kivuli chake kimesimama na mkono juu. Tukangoja pamoja naye. Halafu akagonga tena.