Kwa Nini Mimi Kisu, Yeye Tundu

Ninyi mnaosubiri kupasuliwa, na ninyi mliokaa nao kuwalinda, nisikilizeni. Mimi nauza maharagwe sokoni Mangobo, hapa Kisangani, na kilichonipata nitakisema chote, hata cha aibu.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa nguvu. Vita vilikuwa vimefunga barabara na mto, maharagwe yakatufikia kwa ndege kutoka kwetu Kivu. Wenzangu hutoboa mfuko kwa kile chuma chenye mfereji, hutazama punje chache zilizotoka, wakaridhika. Mimi nikinusa unyevu kidogo tu, nasema: fungua! Natia mkono mpaka kwapani, maana mawe na uozo hukaa chini. Ndiyo maana waliniita Mama Fungua.

Siku hizo kuwa mtu wa Kivu hapa Kisangani hakukuwa kazi nyepesi. Wanajeshi wageni walikuja kutoka upande wetu, basi watu wakasema ni sisi wafanyabiashara tuliowaonyesha njia. Uongo mtupu! Nami nikawa namtazama kila mtu kwa jicho la pembeni.

Tumbo lilianza kwa kuninyima choo. Nikanywa majani machungu, nikapigwa bomba la maji kwa nyuma, wapi! Hata upepo wa tumboni haukutoka. Tumbo likavimba, likawa gumu kama ngoma. Nikatapika maji ya kijani, kisha maji yanayonuka mavi. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mdogo wangu Masika akanipakia kwenye toleka, zile baiskeli za kubeba watu, nikawa napiga kelele kwenye kila shimo.

Hospitalini, kitanda cha jirani alilala Papa Lokwa, mvuvi wa kule kwenye maporomoko. Walikuwa wamemtoa kidole-tumbo kwa matundu madogo, kwa mashine yenye kamera. Tayari alikuwa amekaa, anakula lituma yake ya ndizi za kupondwa, anatafuna kwa raha. Mke wake, Mama Safi, akanitazama, akamwambia mumewe bila kushusha sauti: "Kumbe hata batu ya Kivu banagonjwaka?" Maneno hayo niliyaweka moyoni.

Akaja daktari, mtoto wa mji huu. Akanibonyeza, akatega sikio.

"Mama, utumbo imejisokota. Tutafungua tumbo," akasema, na kidole chake kikashuka kutoka juu ya kitovu mpaka chini kabisa.

Nikamshika mkono. "Papa huyu mulimutoboa tundu. Mimi kisu. Juu ya nini? Juu ya Kivu?"

"Yaya, dada yangu, nyamaza," Masika akanong'ona, "utatuletea maneno."

"Sinyamazi!"

Daktari hakukasirika. "Yake ilikuwa kitu kidogo, na ndani kulikuwa nafasi. Wewe utumbo umejaa hewa. Nikiingiza kamera naweza kuutoboa. Na kama kipande imekufa, lazima niione yote."

"Hayo ni maneno ya kitabu, Docteur."

Akaketi pembeni ya kitanda. "Si wewe Mama Fungua? Bibi yangu ananunua kwako. Mufuko ikinuka, unatoboa ao unafungua?"

"Nafungua," nikajibu, kabla sijauona mtego.

"Na mukono?"

"Mpaka chini."

"Bon. Uniache na mimi nifungue."

Nikakubali, lakini si bure. Nilitaka Masika asimame mlangoni pa chumba cha kupasulia, na chochote kitakachokatwa aonyeshwe. Daktari akasema, atakiona.

Yaliyofuata aliniambia Masika, mimi nilikuwa nimelala. Tumbo likiwa wazi, jenereta ikazima. Mazutu, mafuta yake, ilikuwa imekwisha, na chumba kile hakikuwa na dirisha. Daktari akaita tochi. Masika aliipata, ila aliogopa kutazama damu, mwanga ukaishia ukutani, mpaka mtu aliyekaa kumlinda mgonjwa mwingine akamnyang'anya na kuingia nayo. Kwa kamera peke yake, bila umeme, daktari angekuwa kipofu. Kisha wakamletea Masika beseni: kipande cha utumbo cheusi, laini kama ndizi iliyooza. Akatapika palepale.

Sitawaficha, kisu kikubwa kinauma. Papa Lokwa alirudi nyumbani kwa miguu yake wakati mimi sijaweza kugeuka. Kukohoa kulikuwa moto. Nilikumbatia kitenge kilichokunjwa ili mshono usifunguke. Upande wa chini ukatoa usaha. Na kila asubuhi daktari aliuliza: "Mama, upepo?" Bado. Bila upepo hakuna chakula. Nikaanza kuwaza kwamba wameshona njia kwa makusudi. Nilikuwa naogopa kufa, ndiyo kweli yenyewe, na niliogopa zaidi kufa mikononi mwa watu wanaonichukia.

Siku moja Mama Safi akaja kumleta mumewe atolewe nyuzi. Akaweka sufuria ndogo karibu na kichwa changu. "Mchuzi ya samaki. Wakikuruhusu, unywe."

Nikanusa. "Onja kwanza."

Akaonja, kijiko kizima. Kisha akashika kiuno. "We mama! Nilisimama na tochi juu ya matumbo yako mpaka mikono ikakufa ganzi. Nikitaka kukuua, si ningezima?"

Nikamgeukia Masika. Masika akatazama chini. Alikuwa amenificha jina la aliyeshika tochi, kwa kuogopa mdomo wangu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Na nikuambie, ndani hamuna Kivu. Iko mavi tu, kama ya kila mutu."

Mungu wangu! Nikacheka. Nilikandamiza kitenge, nikalia kwa maumivu, nikacheka tena, na katikati ya kicheko kile upepo ukatoka, mrefu, wa kishindo. Wagonjwa wakapiga vigelegele. Daktari akaja mbio akidhani kuna kifo.

Namshukuru Mungu, na mikono ile iliyofanya kazi gizani. Ninyi, tumbo likifunga choo na upepo, acheni majani, kimbilieni hospitali. Ukiambiwa tundu, uliza kwa nini. Ukiambiwa kisu, uliza pia, kwa mdomo, usiulize moyoni. Mimi bado nauliza.

Mama Safi sasa ni mteja wangu. Akifika sokoni hataki kutobolewa mfuko, anataka ufunguliwe atie mkono mpaka chini. Ninamfungulia.