Jiwe Aliloliazima Mama

Mwaka ule mvua za vuli zilikuja na hasira. Mto Voi, ambao miezi mingi huwa mchanga mtupu wa kupitishia mbuzi, uliamka jioni moja ukalisomba lori lililojaa watu waliotoka harusini. Maiti zilipatikana huko chini, moja moja, zimenasa kwenye miti. Ya kaka yangu haikupatikana. Kilichopatikana ni kiatu chake cha kushoto, na mama akakataa kukipokea. "Mimi sikuzaa kiatu," alimwambia polisi aliyekileta.

Hakulia. Hapo ndipo hofu yetu ilipoanzia. Kwetu Taita mwanamke aliyefiwa na mwana hulia mpaka watu wa mlima wa pili wakasikia, lakini mama yangu alipika, akafagia, akapakua chakula cha mwanawe na kukifunika. Mvua ikinyesha alikwenda kusimama mlangoni. "Yuko pale uani, amelowa," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekueleza kwamba kuku ametaga. Mimi nilikuwa mwalimu, tena mbishi, na habari za mizimu niliwaachia wengine. Hata hivyo, asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta harufu ya matope ya mto imejaa uani, na ua wenyewe ni mkavu. Nilifagia upesi na sikumwambia mtu.

Akina mama wa kanisa walinivuta kando wakanionya: asipolia, moyo utampasuka. Mimi niliogopa kwamba ningezika wawili, mmoja hayupo na mwingine amesimama.

Basi Novemba ikaingia, na pamoja nayo ile sherehe kwenye makaburi ya askari wa vita vya Wazungu, pale Voi mjini. Kila mwaka tuliitazama kwa mbali: mabwana wenye maua mekundu ya karatasi vifuani, wazee wetu wachache wenye medali juu ya makoti yaliyochakaa, tarumbeta, kisha kimya. Safari hii mchungaji alitangaza kwamba wafu wa lori nao wangeombewa huko huko, ili wafiwa wapate faraja. Nilikasirika. Wafu wetu wa juzi wanapewa lifti kwenye msiba wa wenyewe! Mama akasema tu, "Tutaenda," akachukua kikapu chake.

Makaburi yale si kama yetu. Mawe yana kimo kimoja, yamepangwa mistari, utadhani waliolala chini bado wako paredi. Mama alipita katikati yao polepole, na kwa kila jiwe akaniuliza, "Hili linasemaje?" Nikamsomea majina, mengine yakinishinda kutamka. Tukafika kwenye moja lisilo na jina. Limeandikwa kwamba hapa amelala askari, na anayemjua ni Mungu.

"Halina mwenyewe?"

"Halina, mama."

"Basi hili." Akasimama hapo, hakusogea tena.

Tarumbeta ikalia, kofia zikavuliwa, na kimya kikaanza. Sijasikia tena kimya cha namna ile. Kunguru wa stesheni walinyamaza, hata watoto waliobebwa mgongoni walinyamaza. Hapakuwa na upepo, lakini shingo yangu ilipoa, kana kwamba mtu aliyetoka majini amesimama nyuma yangu. Sikugeuka. Ningegeuka vipi?

Ndipo mama akatoa chupa kikapuni. Pombe ya miwa! Mama yangu, mwimbaji wa kwaya, mbele ya mchungaji na mkuu wa wilaya! Akajaza kinywa, akaipuliza juu ya jiwe, kama nyanya zetu walivyofanya walipotaka kuitoa hasira moyoni na kuomba heri. Kwa Kidawida twaita kutasa, na kanisa lilikwisha kutukataza. Nilimshika mkono, akajinasua. Akapuliza tena, kisha akaanza kuzungumza na yule askari kwa lugha yetu, wala si kwa kunong'ona. Kila neno lilifika hadi mstari wa mwisho, na hakuna aliyeinua kichwa.

"Mwana wa watu, sikujui, na nimekuja kukusumbua. Umelala hapa siku nyingi. Mama yako naye atakuwa amekwisha kufa, na sidhani alipumzika kabla hajakupata. Mama hapumziki. Sasa mwambie anisaidie. Aende mtoni atazame. Kuna kijana wangu huko, mrefu, ana pengo hapa mbele. Amshike mkono amtoe, amkalishe karibu nawe mpaka mimi nije."

Akainamisha sikio, kama mtu aliyeulizwa jambo. Nami niliinamisha langu, Mungu anisamehe, nikasikiliza.

"La," mama akalijibu jiwe. "Hajui kuogelea."

Tarumbeta ya pili ilipopigwa hatukuisikia, kwa sababu mama alikuwa analia.